Unga ya Maua na Samaki Sita za Karani Athanase

Saa moja asubuhi, ukungu ingali inalala juu ya malisho ya Muheto. Mukasine amepiga magoti ndani ya nyumba ya Mama Adelaïde, unyoya ya kuku mukononi. Anaichovya mu kopo ya unga, anapakaa polepole ndani ya nyufa za kitanda. Mbele ya kuanza, alifunika mutungi ya maji na kitambaa yenye kulowa.

"Mama Mukasine, ile mutungi haina samaki!" Adelaïde anamucheka.

"Cheka tu, dada. Mimi nimekwisha kufunika."

Kazi yake njo hii: kuua kunguni, viroboto na mende mu manyumba ya watu. Siku zingine anavuna mu plantation maua ya pyrèthre, yenye unga yake inaua wadudu. Ile maua anakausha, anatwanga, anachunga. Nyumba moja inamulipa franka tano, ao kibuyu ya maziwa. Yeye ana miaka makumi ine na mbili, na sauti ya kuita ngombe ngambo ya kilima.

Lakini tangu mwezi wa tatu, mwaka huu wa 1956, kuko nyumba moja yenye hakanyagi tena.

Ni kwa karani Athanase. Muzungu mumoja, wakati alirudia kwabo, alimuachia sanduku ya vioo. Athanase akaijaza maji, akatia samaki sita ndogo za mito ya Kashebere. Kila jioni alikuwa anavua viatu, anakaa mbele yake, batoto banamupanda mabega. Majirani bakakuja kuangalia sawa vile watu banaangalia bibi-arusi.

Viroboto ikaingia. Muke yake, Mama Céline, akaita Mukasine.

"Niliuliza hata kidogo? Hapana," Mukasine anaambia Adelaïde. "Ile maua, bamama banaivuna na batoto mugongoni. Mimi napakaa ndama unga ya kuua kupe, na maziwa tunakunywa. Kitu haiui ndama, itaua samaki namna gani?"

Akapuliza unga nyumba nzima, mashavu yamejaa. Kesho yake samaki zote sita ziko zinaelea, tumbo juu.

"Papa Athanase hakunitukana. Alimwanga ile maji mbali, akaosha vioo yeye mwenyewe. Angenitukana, ningelala."

Céline, yeye, alisema: "Mama, ubaki kwako." Na ku soko wavunaji wenzake bakaanza: "Ficheni ndagala, Mukasine anapita!"

Hakutupa unga. Alinunua samaki ine kwa Hilaire, mwenye kufanya biashara ku barabara ya Kashebere, akazitia mu beseni kwake, apime unga mu nyumba yake mwenyewe. Mara ya kwanza alifunika na majani ya ndizi tu, moja ikakufa. Mara ya pili alifunika na kitambaa yenye kulowa, akaifunga na kamba. Hakupuliza tena: unyoya, ndani ya nyufa tu. Akafungua madirisha, akafagia, akaosha mikono mupaka ku viwiko, njo akafunua.

"Na kama beseni inabebeka," anaongeza, "upeleke kwa jirani mupaka kesho. Sanduku ya vioo njo haibebeki."

Tatu ziko nzima, wiki ya tatu sasa. Anazipa vipande vidogo vya bugali, anazigombeza kwa majina ya ngombe. "Gaju, wewe mulafi! Uachie wenzako!"

Anataka kuzipeleka kwa karani.

"Sitafuti franka zake. Nipite ku mulango yake, aniambie, 'Karibu, Mama.' Basi."

Juzi alituma habari na Munyakazi, mwenye kutembeza maziwa: "Ambia Mama Céline, samaki tatu ziko kwangu, za batoto. Nitazileta mimi mwenyewe. Na viroboto, kama ingali, nitakuja na kitambaa yangu. Aniambie siku."

Munyakazi alirudi magaribi. "Mama Céline alipokea maziwa. Alinisikiliza mupaka mwisho. Akauliza kama mvua imenyesha kwetu."

"Na kisha ya mvua, alisema nini?"

"Akafunga mulango, Mama. Polepole."

Leo, wakati Munyakazi anapita tena, Mukasine anatoka mupaka ku barabara, pengine Céline ametuma jibu. Kijana anainua kibuyu kumusalimia, anaendelea na njia.