Kanzu Iliyochemshwa

Jumamosi nilikuwa dukani kwa Hajati, Kawempe, nikingoja sukari, askari polisi mmoja alipotoa kwenye kavera, mfuko wa plastiki, kanzu yenye rangi ya waridi, akaitandaza juu ya kaunta kama ushahidi.

"Hajati, nipe dawa ya kurudisha weupe. Niliazima kwa jirani, nikavaa kwa kwanjula, tulipoenda kumposea mpwa wangu mke. Nikasema nisirudishe chafu."

"Uliifua kwa maji gani, afande?"

"Nilichemsha. Sisi kwa kambi, nguo nyeupe ni kuchemsha tu!"

Hajati akashika kichwa. Akamwonyesha nakshi nyekundu ya kifuani. "Uzi huu ukichemshwa unatema rangi. Kanzu ni maji baridi, ya mvua ukiyapata, na sabuni kidogo. Maji ya moto ni ya chai."

Akawa anaigeuzageuza kanzu kutafuta palipobaki peupe. Alipofika kwenye pindo akapapasa kiraka kidogo cha uzi wa buluu.

"Jirani yako ni yule fundi wa baiskeli?"

"Ndiyo, Hajati."

"Kiraka hiki nilishona mimi. Fundi aliiazima kwa mume wangu tangu Idi."

Askari akasimama wima, mikono mapajani, kama anayesubiri hukumu. Hajati akacheka mpaka akakalia gunia la mchele.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nilichukua sukari yangu nikaondoka upesi, maana sufuria ya Hajati iko kwangu tangu Ramadhani, na nimeshaiunguza.