Maneno ya Soko Kinywani mwa Mama

Mama aliuza mitumba katika soko la Machakos tangu kabla sijaanza shule. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, yote ya Kikamba. Sokoni alikuwa mwingine kabisa. Huko alizungumza Kiswahili cha kuvuta wateja, maneno yaleyale kwa sauti ileile, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakatoweka. Alitutambua na kuelewa tulichosema, lakini akifungua mdomo aombe maji, hakikutoka kitu. Hata jina la Baba, hata langu. Baba aliketi kando ya kitanda akimtajia vitu kwa Kikamba, kikombe, mlango, mbuzi, na Mama akimtazama huku machozi yakimlengalenga.

Alasiri moja akaja kumjulia hali mzee wa Kisomali aliyekuwa akimuuzia belo za nguo kwa miaka mingi. Alimletea sweta. Hakujua la kumwambia mgonjwa asiyeweza kujibu, basi akalikunjua sweta mapajani mwa Mama kama ambavyo angefanya dukani.

"Mama, mali mpya hii. Angalia."

Mama akalishika kwa mkono wa kushoto. Akageuza kola, akachungulia kwapani.

"Hii ni fagia," akasema.

Fagia ni masalia, zile nguo zinazobaki chini belo ikishachaguliwa. Alikuwa ametamka wazi, bila kukwama.

Mzee alinitupia jicho mara moja, kisha akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. "Fagia aje, Mama? Hii ni kamera. Ndiyo ya kwanza kutoka kwa belo."

"Unaninyonga na bei, kastoma."

"Sikunyongi. Wewe sema ya mwisho."

"Bei ni maelewano. Sijauza hata ya kwanza."

Alichanganya muuzaji na mnunuzi, lakini sauti ilikuwa yake. Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani.

Mzee akamwambia sweta ni zawadi. Mama akajaribu kushukuru. Midomo ikahangaika, neno likakataa. Akavuta pumzi.

"Karibu tena, kastoma."

Mzee akalikunja sweta upya, akaliweka kando yake kitandani.

Baada ya siku hiyo tukajifunza kumsikiliza upya. Akitaka chai zaidi alisema, "Niongezee kidogo." Nikimnyoosha mkono kama tulivyofundishwa hospitalini, nilikuwa namnyonga. Wageni wakimchosha, alitangaza kwamba soko imelala, nao wakaelewa wakaaga. Daktari alitueleza kwamba maneno yaliyozoeleka sana, kama salamu, sala na nyimbo, wakati mwingine husalimika mengine yakipotea. Nilimwelewa, ila mshangao wangu haukupungua. Lugha aliyozaliwa nayo ilikuwa imemtoka, na ile ya kuokota sokoni ikabaki kumshikilia.

Nilipojifungua miezi michache baadaye, nilimlaza mtoto mapajani pake. Akamkagua vidole kimoja kimoja, akamgeuza shingo taratibu akatazama kisogo.

"Kamera," akanong'ona.

Watu wengi walimsifu mtoto yule, kwa maneno mengi. Mimi nalikumbuka hilo moja.

Kikamba kilirudi polepole, jina baada ya jina, na mengine hayakurudi kamwe. Alipopata nguvu za kuketi kutwa alionyesha kwa kidole kule mjini, kila siku, mpaka Baba akakubali arudi sokoni. Dada yangu akawa anatundika nguo na Mama ameketi kando kwenye kiti cha plastiki. Siku ya kwanza nilisimama karibu nao.

Mwanamke fulani, akiwa na mwenzake, akachukua rinda na kutaja bei. Mama akamjibu. Wakavutana, huyu akishuka, yule akikataa, maneno yakienda na kurudi bila kusita. Mwishowe wakaelewana, rinda likatiwa kwenye mfuko.

Wanawake wale walipita mbele yangu wakiondoka.

"Huyo mama anaongea," yule mnunuzi akamwambia mwenzake. "Huwezi kumshinda."

Niliwafuata kwa macho mpaka wakapotelea kwa wauza maembe.