Mpishi Aliyefundishwa Baiskeli na Mkwe Wake

Naipanoi, ambaye sisi wa kwaya ya akina mama tunamwita Mama Anna, amepika porini miaka kumi na tisa. Anakaa Kimandolu, mimi na yeye tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini nusu ya mwaka hayupo. Yuko Ziwa Natron na wageni wa kampuni moja ya utalii, anaoka mkate kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ukimuuliza kwa nini hatafuti kazi ya hoteli mjini kama wenzake, anasema moshi wa mjini unamwingia machoni, wa ziwani unajua njia yake.

Mwaka juzi kampuni ilileta baiskeli za matairi manene. Niliiona moja imeegemezwa ukutani kwetu, nikadhani ni pikipiki iliyonyofolewa injini. Tairi lake ni nene kama mto wa kulalia, limetengenezwa lipite juu ya mchanga bila kuzama. Wageni huzipanda asubuhi wakafuata ufukwe wa ziwa, mrefu, kimya, hakuna duka wala nyumba, ni ndege tu, heroe, wamejazana majini. Ikifika saa sita wako mbali na kambi na njaa inawauma. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Chakula kilikuwa kinafuatishwa kwa gari, na gari likazama mara mbili kwenye tope la magadi. Mara ya pili lilivutwa na punda wa wenyeji, wageni wakapiga picha badala ya kula.

Bwana Twahir, msimamizi wa safari, mtu mpole mzaliwa wa hapa mjini, akaamua chakula nacho kiende kwa baiskeli. Alimwita Mama Anna akamweleza kwa heshima kwamba kuanzia Julai mpishi wa ziwani atakuwa yule anayeweza kufikisha chakula cha moto mwisho wa ufukwe. Asiyeweza atabaki stoo ya mjini, kazi yake kupanga vyakula kwenye makasha. Akamwazima baiskeli moja kwa wiki tatu, akamtakia heri.

Mama Anna ana miaka hamsini na sita na alikuwa hajawahi kupanda baiskeli. Wakati wetu baiskeli ilikuwa ya baba. Sisi tulibebwa nyuma, tukiwa na bahati, pamoja na debe la mahindi.

"Stoo nitakufa," aliniambia jioni ile, ameketi kwenye kigoda changu. "Siyo kwa njaa. Nitakufa kwa kuta."

Nikamwambia tuombe. Tukaomba. Tulipofumbua macho, wote wawili tulikuwa na jibu lile lile na hakuna aliyetaka kulitamka. Fundi wa baiskeli tunayemfahamu ni mmoja tu, Lesian wa Kwa Mrombo, na Lesian ndiye aliyemuoa Anna.

Kwetu Waarusha, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawaketi benchi moja, hawali wakitazamana, na akimpa kitu hakipokelewi mkononi. Kinawekwa chini, mwenzake anaokota. Siku hizi wapo waliolegeza, hasa sisi wa mjini, lakini hawa wawili hawajalegeza hata kidogo, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Siku ya harusi ya Anna walipigwa picha moja ya ukoo, na katikati yao alisimamishwa mchungaji, ambaye kwa unene alitosha.

Sasa utamfundishaje mtu baiskeli bila kumshikia siti? Ndivyo nilivyojikuta mshika siti, mimi ambaye nikiiona baiskeli inakuja navuka barabara.

Tulikwenda kwenye korongo lililokauka, kule chini ya Kwa Mrombo, wanakochimba mchanga wa kujengea. Mama Anna alivaa suruali ya marehemu mumewe, juu akajifunga kitenge. Habari ya suruali tulishauriana mapema, tukaona Mungu hatakuwa na neno maadamu imefunikwa. Lesian alisimama upande wa pili, hatua kama thelathini, ameugeuza uso kidogo kuelekea Mlima Meru kwa adabu. Aliniamkia shikamoo, kisha akaniomba nifikishe shikamoo nyingine mbele.

Utaratibu ukawa huo. Lesian ananiambia mimi, mimi namwambia Mama Anna, ingawa kila neno yeye analisikia. Naye akiwa na swali analipitisha kwangu. Na tatizo, nakiri, lilikuwa mimi. Nimelelewa kwamba maneno ya mkwe hayapelekwi makavu. Lesian akisema, "Mwambie aachie breki," mimi naanza, Mama Anna mpendwa, mkwe wako anakuomba, kama haitakuudhi. Kabla sijafika kwenye breki, mwenzangu ameshafika mchangani, miguu juu, baiskeli kifuani.

Wachimba mchanga waliacha kazi. Mmoja wao, Saruni, aliegemea koleo lake akauliza, "Mama, trekta hiyo inalima ekari ngapi kwa siku?"

"Sogea hapa ianze na wewe," akajibiwa kutoka chini.

Wiki ya pili nilitaka kusaidia. Nilipita na baiskeli kituo cha mafuta nikaomba matairi yajazwe upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. Siku hiyo ilizama kuliko siku zote. Lesian alikuja akayatazama, akanieleza taratibu kwamba kwenye mchanga tairi linatakiwa lilegee, ndiyo maana likafanywa nene. Nikapeleka ujumbe, safari hii mfupi kwa sababu ya aibu. Mama Anna akatoa upepo mwenyewe huku akibonyeza kwa dole gumba, akaacha pale lilipobonyea kama donge la mandazi lililoumuka vizuri. Lesian akataka kujua amekijuaje kiasi. Nikauliza.

"Mwambie hiyo ndiyo kazi yangu."

Kuanzia hapo baiskeli ikaacha kuzama. Alikwenda hatua kumi, akaanguka. Ishirini, akaanguka. Nyumbani kwangu dawa ya kuchua iliisha.

Jumamosi ya mwisho nilikuwa nakimbia nimeshika siti, pumzi zikaniishia, siti ikaniponyoka. Mama Anna akaendelea peke yake, moja kwa moja kuelekea shimo la wachimba mchanga, macho ameyakaza kwenye shimo lenyewe kama mtu anayeitwa. Lesian alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, sina sauti hata ya kusema amina. Basi akamgeukia mama mkwe wake waziwazi, akapaza sauti:

"Yeyo! Acha kuangalia shimo! Tazama unakokwenda, kanyaga!"

Yeyo ni mama, kwa lugha yetu. Mama Anna akainua uso, akakanyaga, akalipita shimo pembeni, akakata kona, hatukumwona tena.

Tulimkuta mbali, amelala kwenye kichaka, mzima, anacheka. Lesian alibaki nyuma na uso wa mtu aliyevunja chungu cha wenyewe. Aliniambia atamtafuta kondoo ampeleke kuomba radhi, kwa kumpigia mama mkwe kelele mbele za watu. Nikamfikishia mhusika. Alijipangusa mchanga kwenye kitenge, hakuwa na haraka.

"Mwambie sikusikia mtu. Upepo ulikuwa mwingi."

Siku hiyo hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Ujumbe niliupeleka hivyo hivyo, sikuupamba.

Ya ziwani sikuyaona, nimesimuliwa na yeye, na Bwana Twahir nilipomuuliza hakubisha. Walifungia hotpoti la nyama na kapu la chapati kwenye keria, Mama Anna akatangulia, Bwana Twahir akamfuata kwa baiskeli nyingine ili ashuhudie. Ufukwe ule ni mweupe kwa magadi sehemu nyingine, sehemu nyingine mchanga mweusi, na kwa kimya chake, anasema, unasikia tairi lako linavyotafuna chini. Alikwenda kilomita saba bila kuyumba. Akawaona wageni wamelala kwenye mikeka, na hapo ndipo akili ilipomjia kwamba hajui kushuka. Kwa wiki tatu kila somo lilikwisha kwa kuanguka, na safari hii anguko lingekuwa na mchuzi.

Hakupunguza mwendo. Akaizunguka mikeka. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndiyo desturi ya wenyeji. Akazunguka tena, wakapiga tena. Mara ya tatu walipunguza makofi. Bwana Twahir akafika anahema, akauliza kuna nini.

"Cha moto mno," akasema akimpita. "Nakipooza."

Mzunguko wa tano miguu ilianza kuchoka. Akaona maji ya ukingoni, kina cha kifundo cha mguu, chini yake tope. Akaelekeza huko. Heroe waliruka, matairi yakapunguza, yakapunguza zaidi, yakanasa, baiskeli ikabaki imesimama wima kama nguzo ya boma. Mama Anna akateremsha mguu mmoja, kisha wa pili, akalifungua hotpoti kwenye keria, akatembea nalo majini hadi kwenye mikeka na kitenge kimelowa. Hakumwaga hata tone. Akapakua.

Bwana Twahir alichukua kipande cha nyama, kikamuunguza ulimi. Akaitazama ile baiskeli kule majini.

"Mama, ziwa ni lako," akasema. "Kushuka utajifunza polepole."

Asubuhi iliyofuata, kambi nzima imelala, Mama Anna aliitoa baiskeli akafuata ufukwe bila hotpoti wala kapu, bila mtu anayemsubiri mbele. Alitaka kuona unaishia wapi. Alikwenda mpaka jua likatoka likapanda, hakuuona mwisho, akageuza. Aliporudi wageni walikuwa wameshaamka na hakuna uji jikoni. Bwana Twahir alikuwa amejichemshia chai ya rangi, anainywa, na kikombe cha pili alishakijaza, amemwekea yeye kando.