Ndimu ya Mwalimu wa Zamu

Juzi, kwenye harusi ya Kibokoni, nilimwona mwalimu wangu wa zamani ameketi mkekani, mikono yote miwili ina maua ya hina. "Nani atanitilia ndimu ikolee?" aliuliza. Harufu ya ndimu ikanirudisha kwenye bomba la shule.

Ilikuwa alasiri ya kwanza baada ya Idi. Sketi yangu ilivuka magoti na soksi zilikuwa nyeupe, lakini viganja vilikuwa vyekundu kwa hina ya sikukuu. Mwalimu huyu, aliyekuwa wa zamu, alinitoa mstarini.

"Uchafu huu si sare," alisema. Akanipa nusu ya ndimu na waya wa kusugulia masufuria. "Sugua mpaka utoke."

Nilisugua huku wenzangu wakiimba hesabu za kuzidisha darasani. Ngozi ilichubuka, ndimu ikaniwasha, na wekundu ukazidi. Nilidhani mikono yangu ndiyo yenye kiburi, kwa hivyo nilikwenda kumwomba radhi. Akaipokea kama haki yake.

Mwanamke mzima, na fimbo yake na filimbi yake shingoni, hakujua lijulikanalo na kila mama wa Mji wa Kale: ndimu ndiyo inayokoleza hina. Wala hakuona haja ya kuuliza.

Basi juzi nilichovya pamba kwenye ndimu, nikamgusagusa maua yake polepole. Hakunitambua.

"Una mkono mzuri, mwanangu," alisema. "Umefunzwa na nani?"

"Na wewe, mwalimu," nikamwambia.