Salamu za Nyiraneza kwa Mbunge

Nyiraneza alikuwa mtu wa salamu. Masisi alikozaliwa, na hata katika kambi ya wakimbizi Uganda alikomalizia ujana wake, mtu hakuingia kwa mwenzake na kumwaga shida zake mlangoni. Kwanza ziliulizwa habari za watoto, kisha za wazee, kisha za afya, na shida yenyewe ikangoja zamu yake. Adabu hiyo alikuja nayo mpaka Minnesota, nayo ikampotezea wiki tatu.

Alikuwa msafishaji katika nyumba ya wazee huko Golden Valley. Shoga yake pale kazini alikuwa Ibtisam, Mpalestina aliyefanya kazi jikoni, mwanamke wa maneno machache na chai nyingi. Ibtisam alikuwa na mpwa wake Gaza, binti wa miaka tisa aitwaye Tala. Kipande cha bomu kilikuwa kimempasua goti la kushoto, na kidonda kilikuwa kinaoza. Hospitali moja ya Minnesota ilikubali kumtibu bure. Halafu, mwezi wa nane, serikali ikasimamisha viza za wageni kutoka Gaza, hata za wagonjwa, ikasema inachunguza utaratibu wake.

Inachunguza! Neno hilo lilimchefua Nyiraneza. Yeye mwenyewe alichunguzwa miaka saba kabla ya kuletwa huku, mpaka akaota mvi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, sembuse goti bichi la mtoto.

"Mabomu yanapotoka hapa kwenda huko, nani anayauliza viza?" alimwambia Ibtisam.

Ibtisam alimmiminia chai.

Basi Nyiraneza, ambaye sasa alikuwa raia na kura alishapiga, akaamua kumpigia simu mbunge wake. Kila asubuhi kabla ya kushika ufagio alipiga, na kila asubuhi mashine ya kurekodi ujumbe ikampokea. Alisema kwa Kiingereza chake cha kazini: "Habari za asubuhi, mheshimiwa. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto wanaendelea vizuri na masomo? Wazazi wako, kama bado wapo, wasalimie sana. Mimi ni Nyiraneza wa mji wa Savage, na sisi hatujambo, tunashukuru Mungu. Sasa, mheshimiwa, nilikuwa na neno dogo..."

Mashine ikalia, ikakata.

Kesho yake alitaka kuendelea alipoishia, lakini siku mpya ina salamu zake. Akaanza upya. Mashine ikakata. Hivyo hivyo siku baada ya siku, naye akizidi kuikasirikia mashine isiyo na malezi.

Wiki ya tatu ikaja barua yenye nembo ya kupendeza. Ofisi ilimshukuru kwa salamu zake za kutia moyo. Rachelle, binti yake, aliisoma akacheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba watu wale hawakuhitaji kuulizwa hali, walihitaji kuambiwa anataka nini.

Nyiraneza hakucheka. Alijichukia. Wiki tatu nzima mtoto anaoza goti, yeye anawajulia hali watu ambao hali yao ni nzuri!

Siku iliyofuata alipiga saa ya chakula cha mchana, akiwa amesimama jikoni kazini. Safari hii mtu akapokea, karani mwenye sauti laini.

"Fungueni viza za wagonjwa wa Gaza," Nyiraneza alisema papo hapo. Uso ulimwaka kwa aibu ya kutosalimu.

"Asante, mama. Nimeandika kwamba una wasiwasi kuhusu viza. Kuna lingine?"

"Sina wasiwasi, nina mtoto. Andika jina lake. Tala."

"Fomu hii haina sehemu ya majina ya watu wa nje, mama."

"Itafute. Mimi nasubiri."

Karani akashusha pumzi, akasema amngojee, atamuuliza mkubwa wake. Muziki ukaanza kulia kwenye simu. Nyiraneza aliusikiliza huku akisaga meno.

Ibtisam akatokea stoo, simu yake mkononi. Hakuwa akilia. Alisema dada yake amepiga: madaktari wa kule hawakuweza kungoja zaidi, leo asubuhi wamemkata Tala mguu, juu ya goti.

Muziki ukanyamaza.

"Mama? Habari njema," alisema karani. "Tumepata pa kuandika. Umesema Tala. Tatizo lake ni nini? Mkono, mguu?"

"Mguu wa kushoto," alisema Nyiraneza. "Andika kwamba haupo."