Jina Nililoliandika kwenye Banda la Popo

Harufu ya mapera yaliyoiva kupita kiasi bado hunirudisha Kasulu, kwenye banda la nyavu lililokuwa nyuma ya nyumba ya Mwalimu Mwanaidi, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 2013. Alifuga popo walao matunda, kama ishirini hivi, na yeyote alikaribishwa kuwatazama na kujifunza bila kulipa. Hilo la kutolipa ndilo lililonitia shaka kwanza. Utoto ninaousimulia si wangu, ni wa mjukuu wangu Anastazia, niliyemlea tangu akiwa na miaka miwili. Lakini aliyeuharibu ni mimi, kwa hiyo ni haki niusimulie mimi.

Alikuwa na miaka kumi, na alinisumbua wiki nzima twende kuwaona, hadi tukapanda basi kutoka kijijini kwetu, Rungwe Mpya. Mlangoni palikuwa na meza, na juu yake daftari. "Shikamoo mzee," Mwalimu alisema, akinipa kalamu. "Andika jina la mtoto. Tutaanzisha darasa la sayansi la Jumamosi, tutachagua wachache." Asomaye leo huenda asielewe kwa nini kalamu ile ilikuwa nzito. Mwaka ule serikali ilikuwa ikiwasaka wahamiaji na kuwarudisha Burundi; watu wa kwetu walikuwa wakiulizwa baba yako kazaliwa wapi, bibi yako kazaliwa wapi, na Kiha chetu kinachofanana na Kirundi kilitosha kumtia mtu mashakani. Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtumishi wa serikali anayekusanya majina ya watoto: niliona mtego, na popo ndio chambo. Nikaandika "Zawadi Petro". Anastazia alikuwa anasoma pembeni ya mkono wangu. Nikamkazia macho, akanyamaza.

Ndani popo walining'inia kichwa chini, wamejifunika mbawa kama wazee waliojitanda mablanketi asubuhi ya baridi. Sikuvua kofia.

"Hawali nywele, mzee," Mwalimu alisema.

"Sijauliza wanakula nini."

Watoto waliokuwapo wakacheka. Kisha akawauliza kwa nini popo haanguki akilala. Mmoja alisema ana gundi, mwingine akasema halali kabisa. Anastazia alisogea hadi pua ikagusa wavu, akatazama muda mrefu. "Hajishikilii," alisema taratibu. "Uzito wake ndio unaovuta kucha zijifunge. Akitaka kuachia ndipo anatumia nguvu." Mwalimu alimtazama, kisha akamuuliza anatoka wapi. "Rungwe Mpya," mtoto akajibu, kabla sijamvuta mkono. Njia nzima ya kurudi alizungumzia darasa la Jumamosi, na mimi nilichungulia dirishani.

Baada ya wiki mbili kijana wa bodaboda alifika na barua. Tulikuwa uani tukipura maharage. "Namtafuta Zawadi Petro," alisema. "Kachaguliwa darasa la Jumamosi kule kwa popo. Kila nyumba wanasema hawamjui."

"Hata hapa hatumjui," nikasema.

Akamgeukia Anastazia. "Si wewe, dada?"

Mtoto alinitazama. Najua alikuwa anangoja nini: neno moja tu kutoka kwangu. Nikainamia maharage.

"Hapana," akasema. "Si mimi." Kijana akawasha pikipiki.

Mdhaniwa ndiye kumbe siye. Darasa lile lilikuwa darasa tu. Watoto wanane walisoma pale mpaka Mwalimu alipohamishwa na banda likabomolewa, na hakuna aliyeulizwa habari za bibi yake. Ningeweza kwenda Kasulu nikasema nimedanganya. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno, halafu baada ya mvua. Ukweli ni kwamba niliona aibu mbele ya mwalimu wa umri wa binti yangu, na aibu hiyo nikaitanguliza mbele ya mtoto.

Leo Anastazia anauza mitumba sokoni Kasulu. Ana mtoto wake, hunitumia sabuni na sukari, na hajawahi kuitaja siku ile. Wazee wenzangu hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, wanabishana na wakubwa. Mimi nilikuwa na mtoto mwenye adabu. Laiti angenibishia.