Spika ya Katuku Ndani ya Kabati

Katuku alikuwa mjane wa Kikamba aliyehamia Voi akafungua hoteli ya chai karibu na stesheni. Alikuwa mtani asiyeshikika. Mteja hakuondoka kwake bila kuchokozwa. Mwaka wa hamsini na saba alinunua gramafoni ya kutumia betri ya gari, pamoja na spika iliyofungwa katika kisanduku chembamba cha mbao, akaitundika ukutani.

Gita lilitoka humo safi, kila uzi ukijitambulisha. Taarabu nayo ilipendeza, utadhani mwimbaji amekaa pale mezani.

Siku za soko, Mzee Obadiah, mzee wa kanisa kutoka Mghange milimani, alishuka na kabichi zake. Akishauza, aliketi kwa Katuku na kikombe kimoja hadi adhuhuri, akilaani gita. Siku moja akaja na santuri yake ya kwaya, ameiviringisha kitambaani kama yai.

"Mama, leo watu wako wasikie muziki wa kweli."

Katuku akaweka sindano. Kinanda cha kwaya kikakoroma, sauti nene za wanaume zikapotea kabisa, na wanawake wakatoka kama mbuzi waliofungiwa ndani ya debe. Wateja wakacheka mpaka chai ikawapalia.

"Spika yako ina shetani," Obadiah akanuna. "Santuri ya dunia inaiimba, ya Mungu inaitafuna!"

Katuku alicheka pamoja na wengine, ila alipomwona akiirudisha santuri kitambaani taratibu, moyo ukamchoma.

"Niachie, mzee. Urudi soko lijalo."

Wiki nzima alihangaika. Akaipachika spika mdomoni mwa mtungi. Kwaya ikaimba kama imetumbukia kisimani. Akaijaribu kwenye pipa. Kila neno likagonga bati. Mwisho alitoa nguo zake zote katika kabati la mvule aliloachiwa na marehemu mumewe, akatoboa mlango, akaifunga spika hapo, na ndani akajaza sufi ya godoro lake.

Obadiah aliporudi, kinanda kiliunguruma hata vikombe vikatetemeka, na sauti za wanaume zikapita chini ya viti. Alifumba macho, machozi yakamlengalenga. Wimbo ukaisha. Katuku, ambaye hakuweza kuona kitu kimetulia akakiacha, akaweka rumba ya Kongo.

Obadiah akaanza kutikisa kidole cha mguu, kisha kisigino, kisha meza nzima.

"Huu nao ni wimbo gani wa kanisa?" aliuliza, macho bado amefumba.

"Wa arusi ya Kana aliyoalikwa Yesu, mzee."

"Aa! Maneno siyajui, lakini roho inaelewa. Rudia."

Hoteli nzima ikauma midomo. Tangu hapo kila soko aliomba wimbo wa Kana, hata akamleta mkewe, Tryphena, ausikie. Tryphena, aliyewahi kufanya kazi Mombasa, alisikiliza kidogo tu akaangua kicheko.

"Baba Ambrose," akamwambia mumewe, "hii ni rumba! Tuliicheza sana Mombasa."

"Mliicheza? Wewe na nani?"

"Na wenzangu. Kabla sijakujua."

Obadiah akamtazama Katuku, aliyejibanza kando ya kabati mabega yakimtikisika kwa kicheko. Akamtazama mkewe, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akavua kofia, akaiweka mezani.

"Basi simama unionyeshe," akamwambia mkewe. "Na wewe, mama muongo, ongeza sauti."